Siku ya Matembezi: Hotuba kwa Vijana Wachezaji na Wazazi wa Namakwekwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuweka njia ndani yake ili waja wake wapite, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu wa Namakwekwe, wazee kwa vijana, akina baba na akina mama. Chuo kinapoalikwa kupeleka timu yake nchi ya jirani, iwe ni timu ya mpira wa miguu ya wavulana au timu ya netiboli ya wasichana, mambo mengi huhesabiwa. Huhesabiwa nauli, na jezi, na viatu, na chakula cha njiani, na hati za kuvukia mpaka. Huhesabiwa mechi pia: ya kwanza siku fulani, ya pili siku fulani. Lakini katika kila safari ya namna hiyo huwamo siku moja isiyohesabiwa na mtu. Ni ile siku ya katikati isiyo na mechi, ambayo katika ratiba huandikiwa neno moja tu: matembezi. Wazazi huidhania kuwa ni siku ya kupoteza fedha. Wachezaji huidhania kuwa ni siku ya kununua vitu madukani. Walimu huiogopa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo vijana hupotea mjini. Na fedha zikipunguka, ndiyo siku ya kwanza kufutwa.

Hotuba hii yakusudia kuonyesha kinyume cha hayo. Matokeo ya mechi hukumbukwa mwaka mmoja, au miwili, kisha husahauliwa hata na waliofunga magoli. Bali kijana akiitumia siku ya matembezi kama ipasavyo, faida yake yaweza kudumu naye maisha yake yote, na kuwafikia hata wale waliobaki nyumbani. Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Ina masharti yake, na masharti hayo hutimizwa hapa Mbale kabla ya basi kuondoka.

Kwanza hapana budi kueleza kwa nini siku hiyo iwe mbali na siku ya mechi. Tarehe 12 Agosti 2012, kijana wa Kapchorwa, Stephen Kiprotich, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la London. Njia ya mbio zile ilipitishwa makusudi penye majengo mashuhuri ya mji huo: jumba la kifalme la Buckingham, kanisa kuu la St Paul's, na ngome ya kale iliyo kando ya mto Thames. Kiprotich alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akaipatia Uganda medali ya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua ya mwaka 1972. Watu waliokaa majumbani mwao mbele ya televisheni waliweza kuyatazama majengo yale kwa raha kuliko yeye aliyeyapita kwa miguu yake. Wala hapana ajabu. Mwenye kushindana hutazama mgongo wa aliye mbele yake, na njia, na pumzi zake. Ndivyo alivyo kila mchezaji siku ya mashindano: mwili wake uko ugenini, lakini macho yake yako kwenye mpira. Kwa hiyo timu isiyopewa siku ya kutembea yaweza kwenda nchi ya mbali na kurudi bila kuifika.

Wako wazee wasemao: "Je, siku moja yatosha kujua nini?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake liko katika habari za msafiri mashuhuri wa Kiislamu, Ibn Battuta. Mtu huyu alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, akaendelea kusafiri kwa miaka mingi. Mwaka 1331 alishuka na pwani ya Afrika Mashariki, akapita Mogadishu, akafika Mombasa, kisha akaenda Kilwa. Katika Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Lakini alieleza kwamba watu wa kisiwa kile walikula ndizi na samaki; kwamba nafaka yao haikulimwa kisiwani bali ililetwa kutoka bara; kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi; kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima, na mtu hakuingia ila ameosha miguu yake; na kwamba walikuwa watu wa dini, wema na wanyofu. Imepita miaka karibu 700, na wanavyuoni wa dunia nzima wangali wakiisoma habari hiyo ya usiku mmoja.

Yafaa vijana wafikiri: Ibn Battuta aliona nini? Hakueleza ukubwa wa majumba wala wingi wa bidhaa. Alitazama chakula cha watu na mahali kitokako. Alitazama maji yao. Alitazama mahali pao pa ibada na adabu zao wanapoingia. Haya ni mambo ambayo kila mwenye macho aweza kuyaona kwa siku moja, bila kulipa kiingilio. Basi mchezaji akipewa maswali matatu ya kwenda nayo, yaani watu hawa wala nini na chatoka wapi, wapata wapi maji, na waishi vipi na Mola wao na jirani zao, atakuwa amepewa darubini iliyo bora kuliko simu ya picha.

Ili jambo lieleweke, na uchukuliwe mfano wa timu ya chuo iendayo Mombasa kutoka Mbale. Njia yapita Tororo na Malaba, yapanda nyanda za Eldoret na Nakuru, yafika Nairobi, kisha yateremka hata bahari; jumla yake yakaribia kilomita 1,000. Hata njia yenyewe ni somo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, kwenye ziwa, mwaka 1901. Waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na kati yao karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, na kwa ajali, na wengine kwa kuliwa na simba. Mwaka 1929 tawi lake lilikuwa limekwisha kupita Tororo na Mbale kufika Soroti, na kwa njia hiyo pamba na kahawa ya upande huu wa Uganda ikateremka baharini. Kijana alalaye usingizi tangu Malaba hata Mombasa, akiamka tu kuuliza chakula, amekwisha kuipoteza nusu ya safari yake.

Sasa siku ya matembezi imefika. Timu yaamka kwa Sala ya Alfajiri. Kwa safari ya urefu huo, msafiri afuataye madhehebu ya Imam Shafi ana ruhusa ya kupunguza Sala za rakaa nne zikawa mbili, na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, madhali hakunuia kukaa siku nne kamili mahali hapo, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka. Jambo hili latajwa kwa sababu vijana wengi huacha Sala siku ya matembezi wakisema kuwa hawakupata nafasi, hali Sheria imekwisha kuwafanyia nafasi. Na iwapo katika timu wamo wasio Waislamu, kama ilivyo desturi ya vyuo, basi wakati wa Sala utajwe mapema katika ratiba, ili hao wenzao wajue ni wapi pa kupumzika na ni saa ngapi wataendelea. Kumweka mwenzio juani bila ya habari si adabu njema.

Asubuhi, kabla jua halijakali, timu yafika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani iliyochorwa na Mtaliani, Giovanni Battista Cairati. Aitazamaye kutoka juu huiona kama umbo la mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini. Mwongozaji atawaonyesha mizinga, na michoro iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, na chumba kilichopambwa na Waomani kwa maandishi ya Qurani, na vitu vilivyotolewa baharini katika jahazi la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Hapo ndipo kijana apaswapo kukaza akili. Aghalabu mtu huenda mahali kama hapo akiwa na hadithi nyepesi kichwani: Waislamu walikuwa upande huu, Wakristo walikuwa upande ule, wakapigana, na mmoja akashinda. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Waomani waliizingira ngome ile tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miezi 33. Ndani, pamoja na Wareno, walikuwamo Waswahili wa Faza waliowasaidia, na wake kwa watoto wa mji. Maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi, na ngome ilipotekwa, waliobaki hai ndani yake walikuwa wachache mno. Baada ya hapo ngome ikapita mikono mingi, hata Waingereza wakaifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Leo ni nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye kuyajua haya hatasimama mbele ya mzinga akacheka na kupigwa picha akarudi. Atajiuliza ni nani waliobeba mawe yale, na ni nani waliofungwa mle, na kwa nini watu wa bandari moja waligawanyika pande mbili. Qurani Tukufu, mahali pengi, yawaamuru watu watembee katika ardhi wakatazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Amri hiyo ni ya kutazama kwa moyo, kwa kuwa jicho peke yake hata mbuzi analo.

Kutoka ngomeni timu yaingia kwa miguu katika Mji wa Kale, penye vichochoro vyembamba, na milango ya nakshi, na bandari ya zamani waliyofika mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa pepo za kusi. Huko uko Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570 hivi. Na katika mji huu aliishi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Mwanachuoni huyu alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, akiwahimiza Waislamu wasome na waache uvivu. Katika mji huu vilevile alikuja kukaa Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, mfasiri wa Qurani kwa Kiswahili, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, na kila mahali Waislamu wasomapo Kiswahili, kitabu hicho chajulikana. Kijana aliyekiona rafuni mwa baba yake, akapita mitaa aliyoipita mwenye kukiandika, hawezi kurudi akakisoma kama alivyokisoma kwanza.

Tena atasikia jambo jingine. Atasikia maneno ya nyumbani kwao yakiwa yamevaa nguo zao za asili. Huku Uganda, katika Luganda, watu husema ekitabo, na essaawa, na omuzikiti. Kule atasikia kitabu, na saa, na msikiti. Maneno hayo yalipanda bara pamoja na watu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kufika katika baraza ya Kabaka Suna, naye alitoka pwani. Misafara ya Waswahili ilifika pia pande za mlima Masaba katika karne ile ya 19. Na Semei Kakungulu alipoanzisha makazi yake Mbale mwanzoni mwa miaka ya 1900, wafanyabiashara Waswahili, na Waarabu, na Wahindi walikuja wakakaa. Basi Mwislamu wa Mbale aendaye Mombasa haendi kutazama mambo ya watu wengine tu. Aenda kuona kisima ambacho maji yake amekuwa akiyanywa tangu utotoni bila kujua yalikotoka.

Habari ya vyuo nayo isisahauliwe. Mwaka 1951 kilifunguliwa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, kwa ajili ya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, wapate kujifunza kazi za mikono na mitambo. Chuo hicho kilibadilishwa jina mara kadhaa, na leo ni chuo kikuu cha ufundi cha mji huo. Wachezaji wa Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu katika Uganda kilifunguliwa tarehe 10 Februari 1988 kwa wanafunzi 80 tu, wakikanyaga uwanja ule wajue kwamba wao si wa kwanza kuungana na vijana wa pwani kwa ajili ya elimu. Wazee wao waliwatangulia.

Baada ya Sala ya Adhuhuri na chakula, vijana wote watataka kwenda baharini. Hapa yapasa wazazi na walimu wasikilize sana. Watu wa Mbale wayajua maji ya mto. Waliona usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 jinsi mito ya mji, Nabuyonga na mingineyo, ilivyofurika ghafula ikachukua roho za watu na mali zao. Lakini maji ya bahari hayana tabia ya mto. Hayaji kwa kishindo. Huja polepole, mara mbili kwa siku, na kurudi mara mbili. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika Mombasa huweza kuzidi mita 3. Kijana wa bara huona mchanga mkavu umeenea mbali, akaenda kuokota kombe kwenye miamba, akasahau saa. Ageukapo nyuma, aona maji yamekwisha kumzunguka. Kujua mpira hakumfundishi mtu kuogelea. Basi na iwe sheria: hapana aingiaye majini peke yake, hapana apitaye kimo cha magoti yake kama hajui kuogelea, na kwanza aulizwe mwenyeji, mvuvi au mlinzi wa ufukoni, maji yako katika hali gani. Na katika kuvuka kwa pantoni ya Likoni wasisukumane wala wasikimbilie ukingoni. Tarehe 29 Aprili 1994 chombo cha kivuko kilipinduka Mtongwe, katika bandari ileile, wakafa watu zaidi ya 270. Kila mchezaji ni amana ya mzazi wake mkononi mwa mwalimu, na amana hurudishwa kama ilivyotolewa.

Kuna jambo la pili ambalo vijana hulisahau: atembeaye kutazama, naye hutazamwa. Mwaka 1949 timu ya Nigeria ilikwenda Uingereza kwa meli, ikashuka Liverpool, ikacheza na timu za huko. Mwaka 1951 ikaenda timu ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na mwaka 1956 ikaenda timu ya Uganda. Jambo lililowashangaza wenyeji katika safari ile ya kwanza ni kwamba wengi wa wachezaji wa Nigeria walicheza miguu mitupu. Huenda mtu akasahau magoli yote yaliyofungwa, lakini mpaka leo habari ya miguu ile husimuliwa. Hawakufanya aibu yoyote wachezaji wale. Walicheza vizuri na wakaheshimiwa. Lakini kisa chao chafundisha kwamba macho ya mwenyeji huchagua yenyewe la kukumbuka, wala mgeni hana amri juu yake. Hawezi kujua kama atakumbukwa kwa pasi yake nzuri, au kwa ganda la ndizi alilolitupa mlangoni mwa mtu.

Kwa hiyo katika vichochoro vile vijana watoe salamu kabla ya kuuliza njia. Wapishe wazee na akina mama. Wavue viatu mahali panapovuliwa viatu. Wasielekeze simu usoni mwa mtu, hasa mwanamke au mtoto, kabla ya kuomba ruhusa. Na wakinyimwa ruhusa waseme ahsante. Wakialikwa ndani wapige hodi, na wasiingie mpaka waitikiwe. Wanunuapo kitu, wapatane kwa upole, wala wasimdhihaki mwenye duka kwa matamshi yake, maana wao ndio wenye kugeuza matamshi. Mwenyeji aliyeona timu ya Mbale ikipita na adabu yake atasema, "Watoto wa Mbale wamelelewa," na sifa hiyo yawarudia wazazi ambao hata hakuwaona.

Hata jioni ikawadia. Wachezaji wa timu mbili, waliogombana kwa miguu jana, wameketi pamoja kula. Ndipo mwenyeji amgeukiapo mgeni wake akamuuliza kwa mapenzi: "Haya, umekwisha kuona kwetu. Na kwenu kuna nini?"

Swali hilo ni jepesi, nalo huwashinda wengi. Kijana wa Mbale, aliyezaliwa chini ya jabali la Wanale na kuliona kila asubuhi, huinamisha kichwa akasema, "Kwetu hapana kitu." Hiyo ndiyo hasara kubwa ya siku nzima. Mtu amezunguka kutwa akiyastaajabia ya watu, kumbe ya kwao hakuyajua. Angaliweza kueleza kwamba mlima Masaba, uitwao pia Elgon, una kimo cha mita 4,321, nao umegawanyika baina ya Uganda na Kenya, hata mgeni na mwenyeji wana mlima mmoja. Angaliweza kueleza habari za maporomoko ya Sipi, na za miamba ya Nyero katika wilaya ya Kumi yenye michoro ya watu wa kale, na za kahawa ya Bugisu, ambayo wakulima waliundia chama chao cha ushirika mwaka 1954. Angaliweza kueleza desturi ya tohara ya Wamasaba, ifanywayo kila mwaka wa shufwa, na kufunguliwa katika uwanja wa Mutoto. Angaliweza kumwalika mwenzake, kwa kuwa wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na zaidi ya hayo iko Jinja, yapata kilomita 150 tu kutoka hapa. Ni vijana wangapi wa Namakwekwe waliopita Jinja kwa basi, wakienda Kampala, wasishuke hata mara moja? Pale mto Naili watoka katika ziwa, uanze safari ya zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Misri hata bahari. Wasoga waliuita mto huo Kiyira zamani, kabla ya Mwingereza John Hanning Speke kufika tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon. Maporomoko hayo hayaonekani tena, kwa kuwa yalifunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza tarehe 29 Aprili 1954, na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Karibu na hapo lipo daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525, limeshikwa kwa kamba za chuma. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuyaona haya. Mwenyewe hupita amelala.

Basi shauri la hotuba hii ni hili, nalo lawekwa mbele ya wazee wa jumuiya ili walifikirie. Kabla timu yoyote ya vijana wa hapa haijakwenda nchi ya nje, kwanza ipewe siku moja ya kutembea nyumbani: kwenda Jinja asubuhi na kurudi jioni, au kupanda Wanale, au kwenda Nyero. Gharama yake ni ndogo, na chakula chaweza kupikwa na akina mama. Siku hiyo iwe mazoezi ya macho, kama yalivyo mazoezi ya miguu uwanjani. Vijana wajifunze kuuliza wenyeji, kuandika walilolisikia, kukaa pamoja bila kupotea, na kusali kwa wakati wakiwa njiani. Aliyeweza kuitazama Jinja ataweza kuitazama Mombasa, na akiulizwa habari za kwao hatainamisha kichwa.

Shauri la pili ni kwamba siku ya matembezi ya huko nje isifutwe fedha zinapopunguka. Afadhali kupunguza jezi za pili kuliko kupunguza siku hiyo. Wala isijazwe mambo mengi. Mshika mbili moja humponyoka. Timu ikitaka ngome, na Mji wa Kale, na magofu ya Gede yaliyo mbali kaskazini kupita Kilifi, na bahari, na maduka, kwa siku moja, itaona vioo vya basi tu. Mahali pawili, matatu yakizidi, yatosha.

Shauri la tatu ni hesabu. Fedha za safari hutolewa hesabu, risiti kwa risiti. Na siku ya matembezi nayo itolewe hesabu yake. Timu irudipo, wachezaji watatu wasimame mbele ya watu, mmoja aeleze chakula na kazi za watu wa huko, mmoja aeleze maji na bandari, mmoja aeleze misikiti na elimu. Ibn Battuta mwenyewe, aliporudi kwao baada ya miaka mingi, aliamriwa na Sultani wa Moroko asimulie, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika, kazi ikatimia mwaka 1355. Lau angalinyamaza, usiku ule wa Mombasa ungalizikwa pamoja naye. Na hapa Namakwekwe wako wazee ambao hawatauona mwambao kwa macho yao, na watoto ambao zamu yao haijafika. Hao wamechanga fedha zao, na haki yao ni kuletewa habari.

Yasemwayo hayakuzidi hapo. Mchezo ni afya ya mwili, na dini haikuukataza mchezo wenye faida. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, tena zaidi ya mara moja. Lakini kijana aliyepelekwa mbali kwa gharama ya wengi hakupelekwa miguu peke yake.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote wa nchi kavu na wa baharini, awafumbue macho yao waone, awape ndimi za kusimulia kwa kweli, na awarudishe kwa wazazi wao wakiwa salama na wenye elimu kuliko walivyotoka. Amin.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.